Sura ya Saba: Rudi Kwenu

Kila aliyekuja Sur, mji wa pwani ya Oman, na kamera alikuja kutafuta huzuni. Waliotoka Maskati, waliotoka Kuweit, hata Wazungu waliokuja kuandika vitabu vyao, wote walivuka hori wakaenda Ayjah, wakazipiga picha zile nyumba nyeupe zilizotazama maji, na minara ya walinzi juu ya majabali, na milango ya zamani ya mti, kisha wakauliza swali lilelile: hapa hapana mjane? Hapana mama aliyepotelewa na mwana? Ungedhani watu wa Ayjah hawaoi, hawachezi, hawali halwa. Wenyewe walishazoea. Walikaa kizingitini wakahuzunika kidogo kwa ajili ya picha, na mgeni akishaondoka wakarudi ndani kutazama mpira.

Mwaka wa 2002, miezi kabla ya Ramadhani, wakaja watu wa televisheni kupiga picha tamthilia ya kuonyeshwa mwezi huo, na nyumba iliyochaguliwa ilikuwa ya Bi Ghaniya, mama yake Zuhair. Safari hii huzuni haikuwa ya kuigiza, na msomaji wangu anisamehe, maana sina njia ya kuisimulia ikawa tamu.

Mwongozaji wa tamthilia, kijana wa Maskati aitwaye Yazeed, aliijua miji midogo vizuri. Alijua kwamba akileta mwigizaji wa kike kutoka nje, akamkalisha chumba kimoja na mwanamume asiye mumewe wala nduguye, akashikwa mkono na kufutwa machozi, watu wa Ayjah wangewafungasha virago wote wawili kabla ya magharibi. Kwa hiyo akatafuta mtu na mkewe wa halali. Akampata Zuhair, mtoto wa nyumba ileile, mwalimu wa skuli aliyekuwa akiwachezesha wanafunzi wake michezo ya jukwaani, na mkewe Nada. Mume akimshika mkewe mkono, nani atafungua mdomo? Wazee walikubali, majirani wakakubali, kila mtu akamsifu Yazeed kwa akili yake. Hapana aliyekaa akafikiri kwamba mke wa halali, pamoja na kushikwa mkono, anaweza kuachwa pia.

Na siku ile, baada ya sala ya alasiri, hadithi ilikuwa imefika pale mume anapompa mkewe talaka.

Nada alikuwa chumbani mwake akijivalisha nguo za tamthilia, kanga na suruali za marinda za kizamani, Bi Ghaniya alipoingia bila ya hodi. Mkononi alishika chetezo, udi unafuka.

"Shikamoo, mama," Nada alisema, akiinuka.

"Marahaba, mwanangu."

Nada karibu akose pa kushika. Mwanangu! Miaka yote ya ndoa yake mle ndani alikuwa "huyu", au "yeye", na siku za ghadhabu "mtoto wa Ujiji". Maana wazee wake Nada walitoka Ujiji, bara, wakahamia Ibra, huku Oman, ambako baba yake alikuwa na duka la vipuri vya magari, na Bi Ghaniya, mzaliwa wa Mjini Unguja, Waomani wa bara alikuwa hawaweki fungu moja na wake. Mambo hayo hayakusemwa mbele ya watu, lakini nyumbani yalisemwa sana.

"Kaa nikufukize," Bi Ghaniya alisema.

"Mama, ni nguo za kupigia picha tu."

"Kwani za picha hazinukii? Kaa."

Akakaa. Mama mkwe akaupitisha udi chini ya kanga, akaupitisha kwenye nywele, taratibu, kwa mkono mwepesi, kama anavyofukizwa bibi harusi.

"Kwenu Ibra hawajambo?"

"Hawajambo, mama. Wanakusalimu."

"Mamako umemwona lini?"

"Toka Idi."

"Siku nyingi hizo. Mtoto hasahau kwao, Nada. Nyumba ya baba haimfungii mtu mlango, hata yakimfika ya kumfika." Akaichukua sahani ya halwa aliyokuwa ameiacha dirishani, akammegea kwa vidole vyake mwenyewe. "Kula. Utapata nguvu."

Halwa ilikuwa nzuri, ya zafarani nyingi, na Nada aliila. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka, lakini Nada alikuwa mkwe mwenye njaa ya mapenzi, na mwenye njaa hachambui chakula. Alitaka sana kuamini. Alitaka kuamini kwamba ile mimba iliyoharibika, na nyingine ambayo haikuja, zilikuwa zimesamehewa. 

Bi Ghaniya alipotoka tu, aliingia Shukriya, wifi yake, mdogo wake Zuhair. Msichana wa chuo, mcheshi, asiyejua kuficha kitu. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Funga mlango, Nada."

"Nini tena?"

"Funga kwanza." Akaufunga mwenyewe. "Nilikuwa jikoni. Mama anazungumza kwenye simu na khalati Mahfudha, dadake wa Fanja. Hajui kama nipo. Unakumbuka mwanzo alivyokataa? 'Mke wa mwanangu aonekane na Oman nzima!' Halafu ghafla akakubali, akawa anawapikia mpaka watu wa taa?"

"Nakumbuka. Nilishukuru."

"Alikubali siku nilipomhadithia kwamba mle ndani kuna talaka. Wallahi ni mimi niliyemwambia, nilikuwa nahadithia tu." Machozi yalianza kumtoka. "Leo kamwambia khalati, 'Mambo matatu hayana mzaha, dada yangu: nikaha, talaka na rejea. Mtoto akishatamka mbele ya watu wote wale, hata kwa mchezo, imekwisha. Mwambie Rahila ajitayarishe.'"

Rahila alikuwa binti wa Bi Mahfudha, mpole, mzuri, wa damu yao. Nada alimjua. Alikuwa hata akimpenda.

"Alicheka, aliposema?"

"Hakucheka. Angecheka ningesema utani."

Nada hakulia. Akaiweka sahani ya halwa chini ya kitanda, mbali na macho yake, akamwambia Shukriya, "Niitie kakako."

Zuhair akaingia na kanzu ya kizamani, jambia kiunoni, kilemba kimekaa upande. Alikuwa kijana wa kutazamwa, sikatai, na Nada hakuwahi kuchoka kumtazama tangu ile jioni ya kwanza Ras al Jinz. Nada alikwenda huko ufukweni na kaka zake kutazama kasa wakitaga, na mwalimu mmoja aliyekuja na wanafunzi akamwomba kwa adabu azime tochi, kisha akashindwa kuondoka. Mwaka mzima walipigana na wazee wa pande zote mbili mpaka wakaoana. Mapenzi yaliyopiganiwa hivyo mtu hudhani hayatavunjika tena.

"Bibi wee, leo nakuacha," Zuhair alisema, akicheka. "Jitayarishe kulia, Yazeed anataka machozi ya kweli."

"Zuhair, usilitamke lile neno."

"Neno gani?"

"Unalijua."

Akamweleza. Hakumtaja Shukriya, alisema tu kwamba amesikia, na kwamba mama amekusudia. Zuhair alisikiliza, na kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo.

"Mama ana ulimi mkali, lakini si mtu wa hivyo. Na yale ni maneno ya Yazeed, Nada. Si yangu."

"Yatatoka kwa ulimi wa nani?"

"Wangu."

"Ataambiwa mke wa nani?"

Zuhair akatazama dirishani.

"Nijibu. Mke wa nani?"

"Wangu."

"Basi."

"Mtu akiigiza mlevi halewi!"

"Usinijibu mimi, mimi si shekhe. Muulize anayejua. Kama angekuwa ananiambia mwanamume mwingine ningecheka, kwa sababu mimi si wake, atamwacha nani? Lakini wewe mume wangu kweli, na watu watakuwa wamekaa wanasikia kweli."

"Wameshatega taa, Nada! Watu wametoka Maskati. Yazeed kaniahidi kazi nyingine, kubwa kuliko hii. Leo nikamwambie nini? Kwamba mke wangu anaogopa maneno?"

"Mwambie mke wako anaogopa kukukosa."

Hapo akalia. Si kwa sauti. Machozi yalimtiririka tu, na mkono wake ukabaki umeshika ncha ya kanzu ya mumewe. Zuhair alimtazama, na kwa mara ya kwanza siku ile alimwona. Akapiga magoti mbele yake, akaichukua ile mikono akaiweka usoni mwake.

"Haya," alisema. "Haya, mpenzi. Usilie. Nipe dakika."

Nada akamfuata kwa macho kutoka dirishani. Alimwona anapanda darini na simu ya mkononi, anazungumza, anasikiliza, anakuna kichwa kama mtoto anayegombezwa. Kisha akateremka uani, akamvuta Yazeed pembeni. Yazeed alirusha mikono, akatazama saa, akafikiri, halafu akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Na pale mlangoni pa jiko, Bi Ghaniya alisimama akiwatazama wote wawili, ushungi umeshikwa kwa meno.

Zuhair alirudi anahema, uso umekunjuka.

"Nimempigia shekhe wangu aliyenisomesha. Kanigombeza kwanza. Kasema lile neno lenyewe nisiliguse kabisa. Wako watakaosema halishiki na wako watakaosema linashika, sasa mimi naingia humo kutafuta nini? Kasema kama ni lazima, niseme maneno ya mbali, ya kuzungukia. 'Rudi kwenu.' Mtu humwambia mkewe hivyo hata akimpeleka kuwasalimu wazee. Bila ya nia hayana kitu."

"Na nia ikiwapo?"

"Ikiwapo ni talaka. Lakini nia si ipo kwangu mwenyewe? Nitaichunga."

"Na Yazeed?"

"Kafurahi!" Akamwigiza Yazeed, ambaye mama yake alikuwa mtu wa Pemba lakini Kiswahili chake kilikwishia Maskati. "'Nzuri zaidi, ya akhi. Maneno ile ingine imezeeka, kila musalsal, kila tamthilia, iko nayo.'"

Nada akacheka huku anajifuta macho. Zuhair akainua mkono. "Nikuapie?"

"Usiape. Nakuamini."

Laiti angemwapisha. Lakini mwanamke anayependa haoni haya kuamini, na mimi simlaumu.

Uani pale kamera ilikuwa imeelekezwa barazani, taa zimewaka ingawa jua lilikuwa bado lipo. Majirani wanawake walijipanga kwenye ukuta wa kisima, wamejifunika, wananong'ona. Bi Ghaniya aliwekewa kiti nyuma kidogo ya kamera, mahali pa heshima, kwa kuwa nyumba ni yake. Alikuwa ameshasikia kwamba maneno yamebadilishwa.  Alikaa na tasbihi, anaihesabu.

Tamthilia ilikuwa ya Kiarabu, na Zuhair alikuwa na Kiarabu kizuri cha kitabuni. Nada alisimama mbele yake na furushi la nguo mkononi. Yazeed akainua kidole. Watu wakanyamaza, hata kuku walikuwa wamekwisha kufungiwa.

Zuhair akasema yaliyoandikwa: kwamba ameshindwa, kwamba dunia imekuwa kubwa kwake, kwamba nyumba hii haina tena nafasi ya watu wawili. Alisema vizuri. Sauti ilimkwaruza pale ilipotakiwa ikwaruze. Kisha, kwa Kiarabu kilekile, akamwambia arudi kwa watu wake. Na jicho moja, lile lililokuwa upande usioonwa na kamera, likakonyeza.

Ndiyo, alimkonyeza. Na Nada, ambaye tangu Shukriya alipomwambia roho ilikuwa juu, akahisi kifua kimefunguka, akatabasamu. Tabasamu pana, la mtu aliyeponea chupuchupu. Akang'ara vibaya.

"Stop, stop!" Yazeed akapiga makofi. "Ya Nada! Mwanamke anaachwa, anacheka? Kama mume wako anakununulia dhahabu!"

Ua zima likaangua kicheko, mafundi wa taa, majirani, Shukriya, Zuhair mwenyewe. Asiyecheka alikuwa mmoja tu. Bi Ghaniya aliiweka tasbihi mapajani, akainuka, akamwendea mwanawe.

"Kilemba chako kimekaa vibaya," alisema kwa sauti ya kusikika. "Niwaache watu waseme huna mama?"

Zuhair akainama ili mama amfikie. Mama akakifungua kilemba chote, akaanza kukifunga upya, pindo kwa pindo, na huku anakifunga mdomo wake ulikuwa karibu na sikio la mwanawe. Nada alikuwa hatua chache tu. Hakusikia kitu. Aliona midomo ya mama ikienda, na aliona shingo ya mumewe ikikakamaa, na aliona macho yake yakitazama chini, kwenye vidole vya miguu, yasiinuke. Bi Ghaniya alipomaliza aliupapasa uso wa mwanawe kwa viganja vyote viwili, akambusu paji, akarudi kitini. Majirani wakanong'onezana, mapenzi gani haya ya mama na mwana.

Nada akajisikia baridi, na jua lile la Sur!

"Zuhair," alimwita chini chini. "Kuna nini?"

"Hapana kitu. Simama pako."

"Nitazame basi."

"Nada, simama pako. Watu wanangoja."

Yazeed akainua kidole.

Zuhair akaanza tena. Ameshindwa. Dunia imekuwa kubwa kwake. Lakini safari hii sauti haikukwaruza, ilikuwa sauti yake ya kila siku, ile ya kuulizia chai, na hiyo ndiyo iliyomtisha Nada. Akamtafuta macho. Akayasubiri, kama alivyosubiri mwanzo. Zuhair akayainua, lakini hayakuja kwake. Yalimpita juu ya bega yakaenda nyuma ya kamera, kwenye kile kiti, yakakaa huko. Kisha yakarudi, yamejaa maji.

"Rudi kwenu, Nada," alisema.

Kwa Kiswahili. Kwa lugha ya nyumbani, na kwa jina lake. Katika tamthilia mke yule hakuwa akiitwa Nada.

Lile furushi la nguo lilimponyoka.  Alisimama mdomo wazi, mikono inaning'inia, na kamera ikaendelea kumtazama muda mrefu baada ya kila mtu uani kutamani iache. Kutoka ukutani mwa kisima mwanamke mmoja alisema polepole, "Astaghfirullah," na wenzake wakavuta shela zao karibu.

"Cut!" Yazeed alikuwa anaruka. "Allah, Allah! Sura hiyo! Zuhair, wewe umesema Kiswahili, majnun wewe, lakini mafi mushkila, hapana taabu, sauti tutaweka baadaye kule studio. Sura hiyo mimi sitapata tena! Khalas, imekwisha!"

"Imekwisha," Bi Ghaniya alisema. Akaibusu tasbihi. Na papo hapo, kama mama wa nyumba yoyote mwenye wageni, akaanza kuwahimiza wasichana jikoni wapakue wali, watu wana njaa.

Nada alikuwa ameshaingia ndani. Alivua zile nguo za kizamani, akavaa zake, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Udi wa alasiri ulikuwa bado umo chumbani. Huko uani walikuwa wanacheka, sinia zinagongana. Alijiambia mambo mengi. Kwamba alikosea tu. Kwamba lugha ilimponyoka. Kwamba ataingia sasa hivi, atamkonyeza, na watacheka mpaka asubuhi. Alijiambia yote hayo na hakuna lililokaa moyoni.

Zuhair akaingia. Kilemba kilikuwa bado kichwani, kimefungwa vizuri sana. Akabaki pale pale mlangoni, kama mgeni asiyekaribishwa.

"Yazeed kafurahi," alisema.

"Ulinuia?"

"Umechoka, Nada. Kunywa maji kwanza."

"Nimekuuliza neno moja."

"Anasema hajapata kuona..."

"Zuhair. Mbele ya Mungu aliyetuunganisha. Ulinuia?"

Zuhair akakigusa kilemba chake. Hapo ndipo alipojua, msomaji wangu, kabla hajajibiwa. Mtu ambaye hakunuia hakosi kusema la.

"Ya mwanzo sikunuia," Zuhair alisema.

Nada aliitafuta shela yake juu ya mto. Akaivaa kichwani, akaishusha mpaka kwenye nyusi, akaingiza nywele zote ndani, moja moja, kwa subira. Zuhair alimtazama anavyofanya, akakaa chini.

"Unajifunika kwangu? Nada, kwangu mimi?"

"Sijui wewe ni nani wangu sasa. Mpaka nijue." Sauti yake ilikuwa shwari kwa namna ya kutisha. "Alikwambia nini?"

"Kasema radhi zake alizifunga siku niliyokuoa, na leo anazifungua. Kasema, 'Ulimi wako unasema, basi na moyo wako useme nao, mara moja tu, na mimi nitakufa niko radhi nawe. Usiposema nitakufa hivihivi, na huko mbele utanijibu.'" Alikuwa analia sasa, kamasi na machozi, kijana mzuri yule. "Nilitaka kukukonyeza kama mwanzo. Wallahi nilitaka. Nikamtazama mama, nikaona amezeeka. Ikapita moyoni. Nilisema acha iwe, nipumzike, maana nimechoka kuvutwa huku na huku. Haikukaa, Nada! Ilipita tu!"

"Ilipita wakati unasema?"

"Ndiyo."

"Basi ilifika."

Alitaka kumpiga, na alitaka kumfuta machozi, yote mawili kwa nguvu moja. Miaka yote ile alikuwa akimwogopa Bi Ghaniya, na siku ile akaona kwamba Bi Ghaniya peke yake asingeweza kumfanya kitu. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Sikiliza," Zuhair alisema, akisogea kwa magoti. "Ni talaka moja tu. Umo katika eda, naweza kukurejea. Hata kesho, hata leo. Sihitaji karatasi, sihitaji mtu. Ni maneno tu."

"Maneno tu." Nada akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Na maneno ya kunirejea, Zuhair, utaandikiwa na nani? Yazeed au mamako?"

"Usiseme hivyo."

"Basi sema yako. Mimi bado nimekaa hapa. Sijafunga hata sanduku. Nakupenda, mjinga wee, sijui nifanye nini na mapenzi haya. Sema mwenyewe, kwa ulimi wako, mbele ya dadako, nami nitaivua hii shela na sitakukumbusha siku hii mpaka naingia kaburini. Shukriya yupo hapo nje. Mwite. Sema."

Zuhair akainuka. Akajifuta uso kwa mkono wa kanzu. Akaivuta pumzi, na Nada akaiona midomo yake inafunguka, inalitafuta lile neno, inalipata, na bila kujijua mkono wa Nada ukaanza kupanda kuelekea kwenye shela.

"Zuhair!" Sauti ilitoka uani, tamu, haina haraka. "Zuhair, baba! Njoo, wageni hawali bila ya mwenyeji."

Akageuka mlangoni. Akamtazama Nada. Akautazama mlango tena.

"Naam, mama," alisema. "Naja."